Umbo Kwanza, Uzito Baadaye: Jinsi Kitovu cha Galaksi Yetu Kinavyopimwa

Ukimwuliza mpenzi wa sayansi kuna nini katikati ya Njia Nyeupe, atakutajia shimo jeusi liitwalo Sagittarius A*, na pengine atakutajia na tungamo lake: Jua milioni 4.3. Hajakosea. Namba hiyo imepimwa kwa uangalifu ambao mambo machache ya angani yamewahi kuupata, na mwaka 2020 kazi hiyo iliwapatia Reinhard Genzel na Andrea Ghez nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Lakini chukua sanduku la katikati ya galaksi lenye urefu wa miaka-nuru 14,000 hivi, upana wa 9,000 na kimo cha 8,000, ujumlishe kila kilichomo. Unapata takriban Jua bilioni 18.5. Shimo jeusi halifikii hata sehemu moja kwa elfu nne ya jumla hiyo. Kilichobaki ni nyota, gesi, vumbi na maada ya giza, na ubishi mkubwa wa zaidi ya nusu karne umekuwa juu ya hicho kilichobaki.

Ninachotaka kukionyesha ni kwamba swali la uzito wa kitovu halina jibu mpaka kwanza tujue umbo lake. Wataalamu waliopotea njia hawakuwa na hesabu mbovu wala vipimo vibaya. Walidhani kwamba kitovu ni cha mviringo, kumbe sicho.

Tuanze na sababu ya ugumu wenyewe. Jua letu liko ndani ya diski ya galaksi, takriban miaka-nuru 27,000 kutoka katikati, na tunakitazama kitovu kwa ubavu kupitia diski hiyohiyo. Ni kama mtu aliyesimama ndani ya shamba la minazi akitakiwa achore ramani ya shamba zima bila kuondoka alipo: minazi ya karibu inaziba ya mbali, na hakuna kilima cha kupanda. Juu ya hayo kuna vumbi. Kati yetu na kitovu limetanda vumbi jingi kiasi kwamba katika mwanga unaoonekana kwa macho, kati ya chembe trilioni moja za mwanga zinazotoka huko inatufikia moja hivi. Harlow Shapley aliweza mwaka 1918 kuonyesha kwamba kitovu kiko upande wa kundinyota la Mshale, ambalo wanafalaki wa pwani huliita Kausi, lakini alifanya hivyo kwa kuangalia fungunyota tufe zilizo nje ya diski. Kitovu chenyewe hakukiona. Katika miaka ya 1940 Walter Baade alipata tundu dogo ambamo vumbi limepungua, karibu na fungunyota NGC 6522, na hadi leo mahali hapo huitwa Dirisha la Baade. Hata hapo alikuwa akichungulia pembeni ya kitovu.

Mwanga wa aina nyingine ndio uliofungua njia. Karl Jansky alinasa mawimbi ya redio kutoka upande huo mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1968 Eric Becklin na Gerry Neugebauer waliona kwa mara ya kwanza nyota za katikati katika mwanga wa infraredi, ambao vumbi huuzuia kwa kiasi kidogo zaidi: hapo hupita kama sehemu moja kwa kumi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, nayo ikawa miongoni mwa vyombo vya kwanza kuona miale ya eksirei ikitoka eneo la kitovu. Na mwaka 1974 Bruce Balick na Robert Brown waligundua nukta ndogo sana ya redio ambayo ndiyo hiyo Sagittarius A*.

Hapo katikati kabisa, hesabu ni nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Nyota inayoitwa S2 huzunguka nukta hiyo mara moja kila miaka 16. Nusu ya mhimili mrefu wa njia yake ni kama mara 1,030 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Kanuni ya Kepler, kama Newton alivyoikamilisha, inasema: chukua umbali huo kwa kipeo cha tatu, gawa kwa muda kwa kipeo cha pili, upate tungamo kwa kipimo cha Jua. Elfu moja na thelathini kwa kipeo cha tatu ni bilioni 1.09, 16 kwa kipeo cha pili ni 256, ukigawa unapata milioni 4.3. Mei 2018 S2 ilipita karibu kabisa na shimo, kwa umbali wa kama mara 120 tu ya ule wa Dunia na Jua, ikienda kasi ya zaidi ya kilomita 7,600 kwa sekunde. Kundi la GRAVITY, kwa kutumia darubini nne kubwa za Paranal nchini Chile zikifanya kazi kama darubini moja, lilifuatilia mwendo huo, na mwaka 2020 likatangaza kwamba njia ya nyota hiyo hugeuka kidogo kila mzunguko, kama nadharia ya Einstein inavyotabiri.

Urahisi huu una sababu moja. Karibu na shimo jeusi, shimo ndilo linalotawala kila kitu, na uvutano wake hautofautiani upande huu na ule. Modeli ni nukta moja tu. Ukitoka nje kwa miaka-nuru kumi hivi, nyota zenyewe zinaanza kuwa na tungamo linalolingana na la shimo, na starehe hiyo inakwisha.

Kwanza kuna fungunyota la kiini, lenye Jua takriban milioni 25, lililojaa nyota zilizosongamana kwa namna ambayo hatuna mfano wake kwetu. Linazungukwa na diski ya kiini, bapa, yenye nusu kipenyo cha miaka-nuru mia kadhaa. Kisha ndipo linakuja lile umbo kubwa ambalo vitabu vya zamani viliita kivimbe na kulichora kama kiini cha yai. Mpaka wa kila tabaka ni wa kukubaliana, na anayetaja tungamo la kitovu bila kusema amepima hadi wapi hajataja kitu.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, maana lina mafunzo kuliko ushindi wa S2. Tangu miaka ya 1950 Jan Oort na wenzake nchini Uholanzi walipima hidrojeni ya galaksi kwa redio. Njia waliyoitumia kwa sehemu za ndani ilikuwa hii: katika kila upande wa anga, tafuta gesi yenye kasi kubwa kuliko nyingine zote kwenye mstari huo wa macho, ukiamini kwamba gesi hiyo iko pale ambapo mstari unagusa duara la mzunguko wake. Ukishajua kasi na umbali wa kutoka kitovuni, kanuni ya Newton inakupa tungamo lililo ndani ya duara: kasi kwa kipeo cha pili, mara umbali, gawa kwa namba ya uvutano. Njia ni safi mradi gesi inazunguka kwa duara.

Gesi ya katikati haizunguki kwa duara, na dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1957 Hugo van Woerden, Rougoor na Oort walieleza mkono wa gesi ulioko mbele ya kitovu ambao unakuja upande wetu kwa kasi ya kilomita 53 kwa sekunde. Kitu kinachozunguka kwa duara, kikiwa mbele kabisa ya kitovu, hakipaswi kuja wala kwenda. Kinapaswa kupita kando tu. Kwa miaka mingi wengi waliona afadhali kudhani kwamba kitovu kililipuka na kuirusha gesi hiyo nje. Gérard de Vaucouleurs alipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba jambo lingeelezeka kwa urahisi zaidi kama galaksi yetu ina upau, yaani mkusanyiko mrefu wa nyota unaopita katikati, kama tunavyouona katika galaksi nyingi za jirani. Uvutano wa upau huilazimisha gesi ipite njia zilizovutwa, hivyo mahali pengine inatujia na mahali pengine inatukimbia. Alikuwa sahihi, na hakusikilizwa kwa kiasi alichostahili. Mwaka 2008 Thomas Dame na Patrick Thaddeus walipata mkono pacha upande wa nyuma ya kitovu, unaokwenda mbali nasi kwa kasi inayokaribia kulingana na ile ya mkono wa mbele. Mlipuko haulazimiki kutoa ulinganifu wa namna hiyo. Upau huutoa wenyewe.

Madhara yake kwa hesabu ya uzito ni makubwa, kwa sababu kasi inaingia kwa kipeo cha pili. Ukikosea kasi kwa asilimia 20, tungamo unalipata limezidi kwa asilimia 44. Na kosa halitulii mahali pamoja: gesi huenda haraka inapopita karibu na kitovu na polepole inapokuwa mbali, kwa hiyo matokeo hutegemea tunautazama upau kwa pembe gani. Mwaka 2015 Laurent Chemin, Florent Renaud na Caroline Soubiran walionyesha, kwa galaksi ya kompyuta ambayo uzito wake walikuwa wanaujua tayari, kwamba njia ile ya zamani haifai kwa sehemu zote zilizo ndani ya miaka-nuru kama 13,000 kutoka katikati. Kilele maarufu cha kasi karibu na kitovu, ambacho modeli nyingi za uzito zilikichukua kama kipimo halisi, kwa sehemu kubwa kilikuwa kivuli cha upau. Kwa maoni yangu hii ni miongoni mwa karatasi zenye faida kubwa kabisa katika fani hii, ingawa haikugundua nyota wala shimo lolote.

Upau wenyewe ulithibitishwa mwaka 1991 kutoka pande mbili. James Binney, Ortwin Gerhard na wenzao walieleza mwendo wa gesi ya ndani kwa kutumia upau. Leo Blitz na David Spergel wakaona katika mwanga wa infraredi kwamba upande mmoja wa kitovu unang'aa zaidi ya mwingine, kama inavyopasa ikiwa ncha moja ya upau iko karibu nasi. Setilaiti ya COBE ikalithibitisha hilo kwa picha ya anga lote. Baadaye zikaja nyota ambazo ndizo uti wa mgongo wa upimaji wote wa leo: majitu mekundu yanayochoma heliamu katika viini vyake. Mng'ao wao halisi unakaribiana sana, hivyo linaloonekana hafifu liko mbali na linaloonekana kali liko karibu. Ukizihesabu nyota hizi kwa mamilioni katika kila pembe ya anga, unapata ramani yenye marefu, mapana na kina. Upau unaelekea upande wetu kwa pembe ya nyuzi 27 hadi 30 hivi kutoka mstari unaotuunganisha na kitovu.

Mwaka 2010 makundi mawili, moja la David Nataf na wenzake, jingine la Andrew McWilliam na Manuela Zoccali, yaliona jambo la ajabu: mbali kidogo juu na chini ya diski, majitu hayo yanagawanyika katika umbali wa aina mbili kwenye mstari mmoja wa macho. Kitovu kina umbo la herufi X kikitazamwa ubavuni. Christopher Wegg na Gerhard walikichora chote mwaka 2013 kwa data za VVV, zilizokusanywa na darubini ya VISTA huko Paranal. Umbo hilo lina maana kubwa. Modeli za kompyuta tangu miaka ya 1980 zilishaonyesha kwamba upau mwembamba uliozaliwa ndani ya diski huweza kujipinda, ukapanda juu na kushuka chini, ukaacha umbo la sanduku au karanga. Kwa hiyo nyota nyingi za kivimbe chetu ni nyota za diski zilizoinuliwa. Mwaka 2010 Juntai Shen na wenzake walikadiria kwamba kivimbe cha mtindo wa zamani, cha mviringo na kilichotokana na galaksi kugongana, kama kipo, hakizidi asilimia 8 ya tungamo la diski. Kwangu hilo linatosha kusema kwamba ule mchoro wa kiini cha yai unapaswa kuondolewa vitabuni.

Upau ukishajulikana, lililobaki ni mwendo wake, na hapo pia makadirio yamebadilika sana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wengi waliamini unazunguka mara moja kwa miaka kama milioni 100. Sasa Matthieu Portail na wenzake kwa modeli yao ya mwaka 2017, na Jason Sanders na wenzake mwaka 2019 kwa njia tofauti kabisa, wanakutana kwenye miaka kama milioni 155. Tofauti hiyo inagusa kila kitu. Kila upau una mpaka ambao nyota zinazunguka sawa na upau wenyewe, na upau hauwezi kujitegemeza nje ya mpaka huo. Kwa kasi ya zamani mpaka uko kwenye miaka-nuru 12,500 hivi. Kwa kasi ya sasa uko karibu na 19,000. Wegg, Gerhard na Portail walikuwa wameupima upau kuwa na miaka-nuru 16,000 kutoka kitovuni hadi nchani, urefu ambao kasi ya zamani isingeuruhusu kabisa. Mwaka 2023 Madeline Lucey na wenzake walitazama njia za nyota zenyewe wakasema nyota zilizonaswa kweli na upau zinaishia kwenye 11,400 hivi, na kwamba baadhi ya zinazoonekana nje zaidi ni za mikono ya galaksi iliyojiunga nao. Naiona hoja yao kuwa na nguvu, lakini bado haijamaliza ubishi.

Namba niliyoanza nayo, Jua bilioni 18.5, ni ya modeli hiyo ya Portail. Inafaa kujua inavyopatikana. Unajenga galaksi ndani ya kompyuta kwa chembe nyingi mno, kila moja ikiwa na uzito wake. Unaiacha izunguke, unaitazama kana kwamba wewe uko Duniani, unalinganisha na hesabu za nyota na kasi zilizopimwa. Pale panapopungua unaziongezea uzito chembe zinazopita hapo, panapozidi unapunguza, unarudia mpaka galaksi ya kompyuta ifanane na ya kweli. Mbinu hiyo iliasisiwa na Dave Syer na Scott Tremaine mwaka 1996. Matokeo: nyota za upau na kivimbe Jua bilioni 13.2, maada ya giza bilioni 3.2, na nyongeza ya bilioni 2 hivi katikati kwa ajili ya diski ya kiini.

Hiyo nyongeza ya mwisho itazame kwa makini. Mattia Sormani na wenzake walipoijengea diski ya kiini modeli yake wenyewe mwaka 2022, wakitumia kasi za nyota zilizomo humo, walipata Jua takriban bilioni 1. Nusu ya ile. Mtu anayejua S2 ilivyopimwa atashangaa kwamba kitu kikubwa mara mia mbili ya shimo jeusi, kilichopo palepale jirani yake, kinatofautiana kiasi hicho kati ya modeli na modeli. Ndivyo hali ilivyo.

Suala la maada ya giza ni gumu zaidi. Asilimia 17 ya sanduku lile ndiyo iliyobaki baada ya kuondoa nyota, na nyota zenyewe hatuzihesabu zote. Tunahesabu majitu mekundu, kisha tunakadiria kwamba nyuma ya kila moja kuna nyota nyingine, nyingi zikiwa ndogo na hafifu zisizoonekana kabisa, zenye jumla ya Jua kama elfu moja. Ukibadilisha namba hiyo kwa asilimia kumi, Jua bilioni 1.3 zinahama kutoka nyota kwenda maada ya giza au kinyume chake. Bahati nzuri kuna mizani nyingine isiyojali mwanga. Nyota ikipita sawasawa mbele ya nyingine, uvutano wake huukusanya mwanga wa ile ya nyuma, nayo ikang'aa zaidi kwa siku au wiki kadhaa kisha ikarudi hali yake. Mradi wa OGLE umekuwa ukitafuta matukio haya tangu 1992, na mapema tu yalionekana kuwa mengi kuliko ilivyotarajiwa, jambo lililosaidia kuthibitisha kwamba upau unatuelekea. Mwaka 2016 Wegg na wenzake waliyatumia matukio ya mradi wa MOA-II kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya uzito wa ndani ni nyota, na maada ya giza ni kidogo.

Umbo linarudi tena katika swali ambalo wengi wanalingojea zaidi. Tangu 2009 imejulikana kwamba setilaiti ya Fermi inaona miale ya gama iliyozidi kutoka kitovuni. Wapo waliotumaini kwamba ni maada ya giza inayojiangamiza. Wengine wanasema ni pulsa za zamani, yaani mabaki ya nyota zilizokufa, zilizo nyingi na hafifu. Maada ya giza ingetarajiwa kutanda kwa mviringo. Mwaka 2018 makundi mawili yalionyesha kwamba miale hiyo inafuata vizuri zaidi umbo la sanduku la kivimbe, pamoja na diski ya kiini. Ubishi haujaisha, lakini mimi naegemea upande wa nyota.

Gaia, setilaiti ya Ulaya iliyopima mwendo wa nyota zaidi ya bilioni, ilimaliza kazi Januari 2025, na toleo la nne la data zake limepangwa kutoka Desemba 2026. Kwa kuwa ilitumia mwanga wa kawaida, vumbi la kitovu liliinyima mengi; Japani inaandaa JASMINE, itakayopima katika infraredi. Data za Gaia, VVV na APOGEE, mradi unaopima kasi za nyota, ziko wazi bila malipo kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Upande wa kusini wa dunia ndio wenye nafasi nzuri ya kukiona kitovu: katikati ya Julai, saa nne na nusu usiku, kiko juu sana angani pa Dar es Salaam na Mombasa. Walimu wa fizikia wa kidato cha sita na wa vyuo vyetu, anzeni na S2. Wapeni wanafunzi umbali na miaka 16, wapate milioni 4.3 kwa mikono yao. Kisha wapeni swali la upau, ambalo bado halijapata jibu la mwisho.